Shangazi, nakula vyakula vya afya lakini mwili unazidi kuisha

Shikamoo shangazi. Samahani nitakuandikia kwa kirefu maana hili jambo nimelibeba muda mrefu na kila ninayemwambia ananijibu "wewe kula tu", utafikiri mi nimekaa na njaa kwa kupenda.

Nina miaka 27, ni msichana, urefu wangu sentimita 165 na leo asubuhi nimepanda kwenye mzani umesoma kilo 48. Miezi nane nyuma nilikuwa 51. Hata hapo nilikuwa mwembamba lakini nguo zilikuwa zinanikaa na nilikuwa na nguvu zangu, sasa hivi sketi zote zinazunguka kiunoni na nikipanda ngazi mbili tatu nasikia miguu mizito. Na kilichobadilika ni kwamba niliamua kula vizuri, basi, hakuna kingine. Niliacha soda, niliacha vitu vya kukaanga, mafuta ya kupikia nikayaondoa kabisa, maziwa nikahamia yale yaliyotolewa mafuta, na nikaanza kukimbia mara nne kwa wiki.

Nikueleze ninavyokula ili usiseme nakuficha kitu. Asubuhi bakuli la uji wa oti napika na maji, na tofaa moja. Mchana sahani kubwa kabisa ya saladi, matango, nyanya, karoti, majani, haina mafuta naweka ndimu tu, halafu kidari cha kuku cha kuchemsha bila ngozi na kiazi kimoja cha kuchemsha. Jioni jioni hivi mtindi usio na mafuta na vipande vya tikiti. Usiku supu ya mboga, wali kikombe kimoja, maharage kikombe kimoja. Maji nakunywa lita tatu kwa siku na kabla ya kila mlo nakunywa glasi kubwa mbili kwa sababu nilisikia yanasaidia. Nikimaliza kula nimeshiba kweli shangazi, tumbo limejaa mpaka napumua kwa shida, sasa huyo anayeniambia niongeze chakula anataka nikiweke wapi?

Rafiki zangu waliniambia nile piza na baga na soda ndio nitanenepa. Nikajaribu wiki mbili. Nilipata chunusi, tumbo likavurugika, nikawa nasinzia kazini mchana kutwa, nikaacha. Mwingine kaniletea vidonge vya kuongeza mwili, anasema dada yake alivitumia mwezi mmoja tu mashavu yakajaa, nimeviweka kwenye droo sijavigusa bado nasubiri jibu lako. Na kazini kuna mwenzangu anakula kunizidi mara mbili na haongezeki wala hapungui, ndio nashindwa kuelewa kabisa, labda ni damu ya ukoo tu na mi nijikubali?

Ah na kingine, sijui kama kinahusiana, miezi miwili hii sijaona siku zangu. Mimba hapana, nimepima.

Sitaki kurudi kwenye vyakula vibaya. Nataka niongezeke lakini kwa afya. Nifanyeje shangazi?

Nguo Zinanizunguka

*

Marahaba mwanangu, na wala usiombe samahani kwa kuandika kirefu, umenisaidia sana kunitajia sahani yako yote maana jibu limo humohumo.

Lakini naanza na hilo uliloliweka mwishoni ukasema hujui kama linahusiana. Linahusiana, tena ndilo limenifanya nikae chini nikuandikie leoleo. Mwili wa mwanamke ukiona chakula kinachoingia hakitoshi kwa kazi unayoufanyisha, unaanza kubana matumizi, na hedhi ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuzimwa. Hii inawapata sana wanaokimbia na kula kidogo, hata wale ambao hawana mpango wowote wa kupungua. Na shida haiishii kwenye hedhi, homoni ya estrojeni ikishuka mifupa inakosa ulinzi, na wewe una miaka 27, huu ndio umri wa kuweka akiba ya mifupa sio kuitumia. Halafu kuna hesabu nyingine, umeshuka kilo 3 kutoka 51, hiyo ni karibu asilimia 6 ya uzito wako ndani ya miezi nane, na madaktari mtu akipoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita hadi kumi na mbili bila kukusudia wanataka kumwona, haijalishi ana maelezo gani. Kwa hiyo wiki hii nenda hospitali, waeleze uzito, waeleze hedhi, waeleze mbio, wapime damu, tezi ya shingo yaani thairoidi, sukari, na chochote watakachoona kinafaa. Mi naamini asilimia kubwa ni chakula kidogo, ila mi sijakuona na thairoidi ikichangamka kupita kiasi nayo inakondesha mtu vilevile huku anakula.

Sasa tuje kwenye sahani.

Nimepiga hesabu ya makadirio ya siku yako. Uji wako tuseme gramu 80 za oti kavu ni kalori kama 300, tofaa 95. Saladi yote ile kubwa, mwanangu, ile inayokujaza mpaka unapumua kwa shida, haifiki hata 80. Kidari cha kuku 200, kiazi 150. Mtindi na tikiti tuseme 180. Usiku wali 200 na ushee, maharage 225, supu 80. Jumla ni kama 1,500. Na mwanamke wa urefu wako na uzito wako anayekimbia mara nne kwa wiki anahitaji karibu 1,900 ili abaki tu palepale alipo, hapo hatujazungumzia kuongezeka. Nadhani kuna siku unakula zaidi bila kuhesabu ndio maana umeshuka kilo 3 tu na sio 8. Kwa hiyo sio damu ya ukoo na wala sio mwili wako una kasoro, ni kwamba kila siku unaupa mwili pungufu ya unachoudai.

Na nitakwambia kwa nini hukuiona hiyo pengo, maana wewe ni mtu makini. Wewe ulienda kujifunza kula kwa afya, ukakuta walioongea kwa sauti kubwa ni wale wanaotafuta kupungua. Toa mafuta, jaza sahani majani, kunywa maji kabla ya kula, chemsha usikaange, maziwa yatolewe mafuta. Kila kimoja hapo kimetengenezwa kwa lengo moja, mtu ashibe kwa kalori chache. Kwa mtu mwenye kilo 95 anayetaka kushuka huo ni ushauri mzuri kabisa. Kwa wewe mwenye 48 ni ushauri wa mtu mwingine umeuvaa wewe, na umeufuata kwa bidii mpaka umekuumiza, na inaniuma kwa sababu ulikuwa unatafuta kitu kizuri.

Afya sio wepesi wa chakula. Lozi ni chakula cha afya. Parachichi ni chakula cha afya. Samaki wenye mafuta, mayai na kiini chake, karanga, mafuta ya zeituni, ufuta, tende, hivi vyote ni vya afya na vyote vimebeba kalori nyingi kwenye nafasi ndogo, na hapo ndipo swali lako la "nikiweke wapi" linapata jibu. Gramu moja ya wanga au ya protini inatoa kalori 4, gramu moja ya mafuta inatoa 9. Tango gramu 100 ni kama kalori 15 tu, karanga gramu 100 zinakaribia 570. Zabibu kavu na zabibu mbichi ni tunda lilelile, ila maji yakitoka gramu 100 zinaruka kutoka kama 70 hadi karibu 300. Tumbo lako linapima ujazo zaidi kuliko linavyopima kalori, kwa hiyo usihangaike kulitanua, badilisha unachokiweka ndani.

Kwa hiyo sikwambii uongeze sahani, wala mlo wa tano wala wa sita kama wengine wanavyoshauri mtu anakula tangu asubuhi mpaka usiku mpaka anachukia chakula. Chukua sahani zilezile ulizonazo. Uji wa asubuhi pika na maziwa yenye mafuta yake badala ya maji, kikombe kimoja hicho kimekuletea 150, halafu koroga kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga, 95 nyingine, na bakuli liko vilevile, tena ni tamu zaidi. Saladi ya mchana ipunguze nusu, usiiache, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku na wewe nina uhakika unapita hapo mbali sana, ipunguze halafu mwagia kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni, hapo ni 120, na nusu parachichi ni kama 120 nyingine. Na hili nataka ulishike kabisa: vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ili mwili uzinyonye, ile rangi ya karoti na nyanya pia ni hivyohivyo, kwa hiyo miezi nane yote saladi yako ya ndimu tupu ilikuwa inapita na sehemu ya faida yake bila kuiacha. Mafuta ndiyo yanaifanya saladi ikufae.

Mtindi hamia ule wenye mafuta, na tikiti weka konzi ya korosho au lozi, gramu 30 tu ni kama 170. Usiku maharage yaungie kijiko cha mafuta, ongeza yai moja au kipande cha samaki. Ukijumlisha vyote hivyo umeongeza zaidi ya 700 na hakuna sahani hata moja iliyokua.

Ila usianze na vyote siku moja! Tumbo lililokaa miezi nane bila mafuta likipewa ghafla litakugomea, utaharisha halafu utasema shangazi kanidanganya. Anza na uji na saladi wiki ya kwanza, wiki ya pili ongeza karanga, endelea hivyo mpaka ufike kama 2,200 au 2,300 kwa siku. Na kama unasoma makopo ukakuta wameandika kilokalori usichanganyikiwe, hiyo kilokalori ndio hii hii tunayoiita kalori mtaani.

Maji. Acha zile glasi mbili kabla ya kula, zinachukua nafasi ya chakula tu. Kunywa kati ya mlo na mlo, na kunywa ukisikia kiu, na siku za kukimbia utahitaji zaidi.

Kama kuna siku hamu ya kula haipo kabisa, na zitakuwepo, tumia blenda. Kikombe cha maziwa, ndizi moja, vijiko viwili vya siagi ya karanga, oti kavu gramu 20 hivi, saga. Hiyo glasi moja inapita kalori 500, na kitu cha kunywa hakishibishi kama cha kutafuna kwa hiyo hakitakuharibia mlo unaofuata, ila kinywe baada ya kula au kati ya mlo na mlo, sio nusu saa kabla ya chakula cha mchana. Mi naiamini hii kuliko zile poda za kunenepesha zinazouzwa kwenye makopo makubwa, nyingi ukisoma nyuma unakuta kilichojaa ni maltodekstrini, yaani wanga unaosagwa haraka tumboni, unalipia hela nyingi kwa kitu ambacho oti na ndizi vinakupa pamoja na nyuzinyuzi zake na madini yake.

Kuhusu piza na soda, mwili wako ulikupa jibu sahihi. Soda ya kopo la mililita 330 ina sukari kama gramu 35, na Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, kwa kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, makopo mawili umeshapita. Mafuta nayo yana tofauti, hata nikikwambia ongeza mafuta sina maana siagi kwenye kila kitu, mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda kama siagi, yabaki chini ya asilimia 10 ya kalori za siku, ndio maana nimekutajia karanga, zeituni, parachichi na samaki. Lakini pia usiishi kwa woga. Ukialikwa sherehe ukala kipande cha keki, kula ufurahi.

Na hapa nakuuliza kwa upole, usinijibu mimi, jijibu wewe. Ukisoma hapo juu "mwagia kijiko cha mafuta", moyo ulishtuka? Kama ulishtuka kidogo halafu ukapita, ni mazoea tu, yataondoka. Kama unaona kabisa hutaweza, au ukila kitu chenye mafuta unakaa na hatia siku nzima na unakimbia ili ukitoe, mwambie daktari hilo neno kwa neno, maana hapo shida sio kalori tena na kuna watu wamesomea kukusaidia.

Vile vidonge kwenye droo usivimeze hata kimoja. Vinavyojaza mashavu kwa mwezi mmoja mara nyingi ni deksamethasoni, ni steroidi, ni dawa halali ya magonjwa mengine kwa uangalizi wa daktari. Ile mashavu sio mwili, ni maji na mafuta vinajikusanya usoni na shingoni, huku chini sukari inapanda, presha inapanda, misuli inaisha, mifupa inadhoofika, na mifupa yako wewe tayari ina kesi ya kujibu. Mtu akizitumia muda mrefu tezi zake za juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni yake, akiacha ghafla anaweza kuzimia au hata kufa. Vingine ni siproheptadini, ya mzio, inaleta njaa na usingizi mzito. Vipeleke kwa mfamasia avitupe kwa usalama, na mwambie rafiki yako kuhusu dada yake, kama bado anavimeza asiviache mwenyewe, aende hospitali kwanza.

Mwenzako wa kazini sasa. Mwaka 1999 watafiti wa Mayo Clinic kule Marekani waliwapa watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane, wote sawa. Kuna aliyeongeza mafuta chini ya nusu kilo na kuna aliyeongeza zaidi ya kilo 4. Kilichowatofautisha zaidi ni mwendo mdogomdogo wa siku, kusimama, kutembeatembea, kuchezesha miguu, kujinyooshanyoosha, kuna watu wakila zaidi miili yao inaanza kuhangaika yenyewe na kuzichoma zile kalori bila wao kujua. Kwa hiyo ukiona umefika zile 2,200 na mzani haujasogea sio kwamba umeshindwa, labda na wewe ni wa kundi hilo, unaongeza 200 nyingine. Usijilinganishe na sahani ya mtu, humjui akitoka hapo anatembea kilomita ngapi.

Mbio, ningependa uzisimamishe mpaka daktari akuone na siku zako zirudi, najua unazipenda na najua hilo ndilo litakuwa gumu kuliko vyote nilivyoandika. Zikirudi, kimbia mara mbili, siku nyingine mbili nyanyua vitu vizito, jimu au nyumbani kwa uzito wa mwili wako, maana ukiongeza chakula bila kuwapa misuli kazi sehemu kubwa ya kilo itakuwa mafuta. Protini lenga kama gramu 75 kwa siku, na kwa kuku, maharage, maziwa na yai utafika bila shida, usizidishe sana maana protini nayo inashibisha upesi.

Jipime mara tatu kwa wiki, asubuhi, umeshatoka chooni, kabla ya kula, halafu chukua wastani wa wiki. Wiki ya kwanza unaweza kuruka kilo nzima ukashangilia, mengi hayo ni maji kwa sababu wanga unaohifadhiwa kwenye misuli unahifadhiwa pamoja na maji, na wiki ya pili ukaona haijasogea, usikate tamaa. Robo kilo mpaka nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Kwa urefu wako kilo 50 na nusu ndio mpaka wa chini wa uzito wa afya, yaani BMI, kile kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, ya 18.5, lakini mi nisingesimama hapo, ningeenda mpaka 53 au 54 hivi uwe na akiba.

Piga simu hospitali kesho asubuhi upange siku. Wakishakupa majibu ya damu niandikie, nitajie na wastani wa wiki zako nne za mwanzo, tutaangalia pamoja kama tuongeze.

Shangazi